Tovuti ya Vikapu

Ndugu msomaji, huenda wewe unauza asali. Huenda unashona nguo, unafuga kuku, unachonga vinyago, au una nyumba ndogo ya wageni kando ya barabara kuu. Wateja wako wa karibu wanakujua. Wakitaka kitu huja mlangoni au hukupigia simu. Lakini mteja aliye mbali atakujuaje? Siku hizi mtu wa mbali akitafuta kitu hutoa simu mfukoni, huandika maneno mawili matatu, na simu humwonyesha mahali pa kukipata. Asipokuona wewe, atanunua kwa mwingine.

Mahali hapo anapokupata panaitwa tovuti. Tovuti ni kurasa zenye maneno na picha. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma, usiku na mchana, awe Mwanza au awe Ujerumani. Kila tovuti ina anwani yake, kama vile sanduku la posta lilivyo na namba yake.

Utasema, "Mambo hayo ni ya wasomi wa kompyuta. Mimi nimejua kusoma juzi juzi tu." Ngoja kwanza. Kufungua tovuti siku hizi hakuhitaji mtu ajue kuandika programu za kompyuta. Kunahitaji mtu ajue kusoma, kuandika sentensi iliyonyooka, kupiga hesabu, na kuuliza maswali bila haya. Kazi iliyo ngumu ni kuchagua. Wanaouza njia za kujengea tovuti ni wengi, na kila mmoja anasema yake ndiyo bora. Basi leo tuzungumze juu ya kuchagua.

Kwanza tujue mambo haya yalitoka wapi. Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, alikuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa sayansi karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Wanasayansi wa pale walitoka nchi nyingi, na kompyuta zao zilikuwa za aina mbalimbali. Aliandika pendekezo la kuyaunganisha maandishi yao, ili mtu aliyekaa kwenye kompyuta moja aweze kusoma yaliyo kwenye nyingine. Mwaka 1991 watu wa nje ya kituo wakaanza kuitazama tovuti ya kwanza. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo kile kilitangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuutumia ufundi huo bila kulipa. Ndiyo maana leo wewe na mimi tunaweza kufungua tovuti bila kumlipa aliyebuni.

Lakini katika miaka ile mwenye tovuti alipaswa kujua lugha ya alama iitwayo HTML. Kila aya na kila picha ilitiwa alama zake. Ukikosea alama, ukurasa uliweza kuharibika. Mwenye duka angepata wapi muda wa kujifunza hayo? Basi zikatokea programu za kujengea tovuti. Programu hizi hukupa ukurasa ambao umbo lake limekwisha kutayarishwa. Wewe unaweka maneno yako na picha zako. Zile alama zinaandikwa na programu yenyewe, huzioni. Ni kama kuhamia katika nyumba ambayo kuta na paa zipo tayari. Wewe unaleta kitanda, vyungu na mkeka.

Nitakutajia nne tu, maana ndizo tulizozitazama sisi. Squarespace ilianzishwa Marekani mwaka 2003 na Anthony Casalena, wakati huo akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu. WordPress ilitolewa mwaka huo huo wa 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza. Wix ilianzishwa Israel mwaka 2006. Ya nne ni Shopify ya Kanada. Hadithi yake inanipendeza. Mjerumani mmoja aliyehamia Kanada, Tobias Lütke, pamoja na mwenzake, walifungua duka mwaka 2004 la kuuza mbao za kutelezea juu ya theluji. Walitaka kuuza kwa njia ya intaneti. Lütke akatazama programu za duka zilizokuwapo, hazikumridhisha, akaandika ya kwake. Mwaka 2006 programu ile ikafunguliwa kwa wenye maduka wengine. Leo watu wanaijua programu, na zile mbao wamezisahau. Lakini yeye alikuwa mtaalamu wa kompyuta. Wewe na mimi tusiporidhishwa hatuwezi kukaa chini tukaandika yetu. Lazima tuchague katika zilizopo, kwa hiyo lazima tuwe na macho.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wasuka vikapu mkoani Iringa. Vikapu vyetu ni vya milulu. Milulu ni majani marefu yaotayo mahali penye unyevu. Tunayakata, tunayakausha, tunayasuka. Watalii wanaokwenda Hifadhi ya Ruaha hupita Iringa mjini. Wengine hununua kikapu, hurudi kwao, na jirani yao akikiona hutaka cha namna hiyo. Jirani huyo atatupata wapi? Hilo ndilo lililotufanya tufikirie tovuti.

Tulikaa kikao. Kijana mmoja alitujia na kompyuta yake akatuonyesha kurasa nzuri sana. Picha zilitembea, rangi zilibadilika, maneno yaliingia kutoka pembeni. Wengi wetu tulipiga makofi. Alipomaliza, mwenyekiti wetu, mama mtu mzima aliyejifunza kusoma katika darasa la watu wazima, aliuliza swali moja. "Mwanangu, hii ni nyumba ya kupanga. Siku tukihama, tunaondoka na nini?"

Yule kijana alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba hajawahi kuulizwa hivyo.

Ndugu msomaji, swali hilo liandike katika daftari lako, ukurasa wa kwanza. Mengine yote, rangi na mapambo, yanaweza kungoja. Rangi utabadilisha hata kesho. Lakini kama biashara yako imekaa miaka mitano katika nyumba ya mtu, na wateja wote wanaijua njia ya nyumba hiyo, halafu mwenye nyumba akapandisha kodi au akafunga mlango, utafanyaje?

Usidhani ninakutisha bure. Milango imekwisha kufungwa. Mwaka 1994 huko Marekani kulianzishwa huduma iliyoitwa GeoCities. Iliwapa watu nafasi ya kuweka kurasa zao bila malipo. Mamilioni ya watu walijenga humo. Mwaka 1999 kampuni ya Yahoo iliinunua. Mwaka 2009 Yahoo ikaifunga huko Marekani. Baadhi ya kurasa ziliokolewa na watu waliojitolea kuzinakili kabla ya siku ya mwisho. Nyingine zilipotea kabisa. Pengine utasema hayo ni ya zamani. Basi sikiliza la juzi. Kampuni ya Google iliwapa wenye biashara ndogo nafasi ya kufungua tovuti rahisi bila malipo, pamoja na tangazo la biashara yao kwenye ramani. Ilikuwa kazi ya dakika chache tu. Mwezi Machi 2024 Google ikazizima tovuti hizo zote. Kwa miezi michache mteja aliyefuata anwani ya zamani alipelekwa kwenye lile tangazo la ramani. Baadaye hata hilo likakoma. Wenye biashara waliambiwa wakajenge kwingine. Waliokuwa wamechapisha anwani ile kwenye kadi zao na kwenye mabango walilazimika kuchapisha upya.

Sasa tuitazame nyumba ya kila mmoja kwa jicho la mwenyekiti wetu.

Ukijenga kwa Wix, kazi ni nyepesi. Unashika picha kwa kidole au kwa kipanya cha kompyuta, unaisogeza mpaka mahali unapotaka, unaiacha. Mtu asiyejua lolote anaweza kumaliza ukurasa kwa siku moja. Lakini ukurasa uliojengwa humo haukubali kuhamishiwa kwenye kompyuta za kampuni nyingine. Ukihama unachukua maneno yako, picha zako na orodha ya bidhaa zako, na unajenga upya kwingine. Squarespace ina kurasa nadhifu sana, hasa kwa mtu mwenye picha nzuri. Ukihama, unaweza kutoa baadhi ya kurasa na maandishi katika faili ambalo WordPress inaweza kulisoma. Mengine yanabaki. Shopify imetengenezwa kwa ajili ya duka: bidhaa, bei, stoo, maagizo. Orodha za bidhaa na za wateja unaweza kuzitoa. Sura ya duka lenyewe inabaki kwao.

WordPress ina tabia tofauti, na hapa watu wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tusome pole pole. Jina ni moja lakini vitu ni viwili. Kuna programu iitwayo WordPress. Hiyo ni mali ya wote. Mtu yeyote anaweza kuichukua bure na kuiweka kwenye kompyuta ya kampuni yoyote inayopangisha nafasi, iwe Marekani au Dar es Salaam. Halafu kuna huduma iitwayo WordPress.com, ambayo ni kampuni inayokupangisha nafasi na kukutunzia programu hiyo hiyo. Ukianza kwa kampuni moja usipendezwe, unaweza kubeba maandishi na picha, ukaenda kwa nyingine inayotumia programu ile ile. Pengine ndiyo maana zaidi ya tovuti 40 katika kila tovuti 100 duniani zinatumia WordPress.

Lakini usikimbilie huko kabla hujasikia upande wa pili. Mwenye kujichukulia programu mwenyewe ndiye anayeitunza mwenyewe. Programu ya WordPress hutolewa toleo jipya mara kwa mara. Viongezo vyake pia hutolewa upya. Usipovisasisha, wezi wa mitandao hupata tundu la kuingilia. Wakiingia wanaweza kuweka matangazo yao ya kamari katika ukurasa wako wa vikapu. Katika Wix, Squarespace na Shopify kazi hiyo hufanywa na kampuni. Kwa hiyo mtu aliye peke yake, asiye na kijana wa kumsaidia hata mara moja kwa mwezi, mimi singemlaumu akichagua moja ya hizo tatu. Ila aingie akijua kwamba anapanga.

Kuna kitu kimoja ambacho lazima kiwe mali yako popote utakapojenga, nacho ni anwani. Wataalamu huiita jina la kikoa. Anwani unaiandikisha na kuilipia kila mwaka, kama leseni. Anwani za Tanzania huishia na .tz, za Kenya .ke, za Uganda .ug. Biashara nyingi hapa kwetu hutumia .co.tz. Ukiwa na anwani yako unaweza kuielekeza kwenye nyumba yoyote. Leo iko Wix, mwakani iko WordPress, na mteja anaandika anwani ile ile bila kujua kwamba umehama. Ndiyo maana mimi husema nyumba panga, lakini jina la mlangoni liwe lako.

Huduma za bure hazikupi jina hilo. Ukijenga bure kwa Wix au WordPress.com, anwani yako inakuwa na jina lao ndani yake. Tena wao wanaweza kuweka matangazo yao katika ukurasa wako. Kwa kujifunzia, huduma ya bure inafaa sana. Sisi tulifanya mazoezi humo mwezi mzima, tukaweka picha, tukafuta, tukaweka tena. Hatukumtangazia mtu anwani ile.

Na jina hilo liandikishwe kwa nani? Hapa naomba usome mara mbili. Ninamfahamu seremala mmoja, fundi hodari wa milango na vitanda. Alimlipa mtu amtengenezee tovuti. Mtu yule aliandikisha anwani kwa jina lake mwenyewe, kwa barua pepe yake mwenyewe na kwa namba ya simu yake mwenyewe. Tovuti ilikuwa nzuri, na seremala alipata kazi kutoka mikoa mingine. Baada ya muda yule mtu alihama, na simu yake haikupatikana tena. Mwaka ulipokwisha, tangazo la kulipa lilikwenda kwenye barua pepe ya yule mtu. Seremala hakuliona. Anwani ilifutwa, kisha ikachukuliwa na mtu mwingine. Seremala alikuwa ameichora anwani hiyo ubavuni mwa gari lake la mizigo kwa rangi ya mafuta. Wateja walioifuata walikuta kurasa za mambo mengine kabisa. Alikwenda kulalamika, akaambiwa kwamba jina lake halimo katika kumbukumbu. Mwenye jina ni yule aliyeandikishwa.

Tulipoyasikia hayo tulifanya mambo ambayo wengine waliyaona ni ya woga. Tulifungua barua pepe ya kikundi, si ya katibu wala ya mweka hazina. Tulinunua laini ya simu ya kikundi, maana kampuni hizi huweza kutuma namba za uthibitisho kwa simu unapoingia. Ikiwa simu ni ya mtu na mtu huyo akaondoka, hamtaingia tena. Neno la siri tuliliandika kwenye karatasi mbili, tukazitia ndani ya bahasha mbili, tukazifunga kwa lakiri. Moja iko katika sanduku la fedha lenye kufuli mbili. Nyingine anayo mwenyekiti, na hajatuambia ameiweka wapi.

Sasa tuje kwenye fedha. Kampuni nyingi za nje hutaja bei kwa dola na kwa mwezi. Bei ya mwezi huonekana ndogo. Wewe ihesabu kwa mwaka, tena uihesabu kwa bidhaa yako. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme kampuni inataka dola 10 kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni dola 120. Tuseme dola moja ni shilingi 2,500. Basi dola 120 ni shilingi 300,000. Tuseme kikapu kimoja kinatupa faida ya shilingi 6,000. Gawanya 300,000 kwa 6,000. Unapata 50. Maana yake vikapu 50 vya kwanza vya kila mwaka vinasukwa kwa ajili ya tovuti, si kwa ajili yetu. Na kama kikapu kimoja humchukua mama siku 3, hizo ni siku 150 za kazi ya mama mmoja. Mweka hazina alipoandika hesabu hiyo ubaoni, ukumbi ulikuwa kimya. Baadhi walisema tuache kabisa. Wengine walisema tovuti ikileta wateja wa vikapu 200, hizo siku 150 zimejilipa. Tulibishana mpaka jua likazama, na hatukumaliza siku ile.

Tena soma maandishi madogo yaliyo chini ya bei. Mara nyingi bei kubwa inayoonyeshwa ni ya mwaka wa kwanza, imepunguzwa ili kukuvuta. Tafuta bei ya mwaka wa pili. Kampuni nyingi hujikatia zenyewe mwaka unapokwisha, kupitia kadi ya benki uliyowapa. Maandishi hayo mengi ni ya Kiingereza. Sisi tulimwomba binti wa mwanakikundi mmoja, anayesoma sekondari, atusomee na kutufafanulia mstari kwa mstari. Ilichukua saa mbili, na tulimlipa kwa kikapu.

Uliza pia utalipaje. Ikiwa kampuni inataka kadi ya benki tu na wewe huna, haikufai hata iwe nzuri namna gani. Kampuni za hapa nchini tulizoziuliza zilikubali malipo kwa simu. Zilitupa risiti. Na tatizo likitokea, unazungumza na mtu kwa Kiswahili.

Kabla hujalipa hata senti, fanya jaribio hili. Chukua simu ya bei nafuu kuliko zote mlizo nazo. Nenda mahali ambapo mtandao ni dhaifu. Fungua tovuti ya mtu mwingine iliyojengwa kwa programu unayotaka kuichagua. Hesabu pole pole: moja, mbili, tatu. Sisi tulisimama chini ya mwembe tukahesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Ukurasa mmoja ulifunguka tulipofika nane. Mwingine, ule wa picha zinazotembea, tulifika arobaini tukaacha. Mteja hatangoja arobaini. Tena picha nzito zinakula bando lake. Picha moja ya simu inaweza kuwa na megabaiti 4. Ukiweka picha 10 bila kuzipunguza, mteja amekwisha kupoteza megabaiti 40 kabla hajajua bei ya kikapu. Programu nyingine huzipunguza zenyewe, nyingine hapana. Uliza.

Kuhusu sura ya ukurasa sitasema mengi. Chagua iliyo nyepesi, yenye maandishi meusi juu ya weupe.

Maneno ya kuweka yana kazi zaidi kuliko sura. Andika wewe ni nani, uko wapi, unauza nini, kwa bei gani, na mtu afanye nini akitaka kununua. Sisi mwanzoni tuliandika aya ndefu juu ya historia ya kikundi. Mama mmoja akasema, "Mimi ningekuwa mnunuzi ningetaka kujua kikapu hiki kinaingia mikate mingapi." Tukaondoa nusu ya historia, tukaandika vipimo: urefu kwa sentimita, upana kwa sentimita, uzito kwa gramu. Katika kila picha tuliweka chungwa moja kando ya kikapu, ili mtu aone ukubwa kwa macho. Tuliandika pia kwamba kikapu kikubwa kinahitaji kuagizwa mapema, maana milulu haikauki kwa amri ya mnunuzi.

Pengine unajiuliza, "Si ninayo WhatsApp? Tovuti ya nini?" Swali hilo ni la haki. Tangu mwaka 2018 iko WhatsApp ya biashara, na unaweza kuweka humo picha za bidhaa na bei. Kwa mtu anayeanza, mwenye wateja 20, hiyo inatosha, na mimi singemshauri alipie tovuti mwaka huu. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa saa sita hivi, dunia nzima, kwa sababu ni za kampuni moja. Aliyekuwa na duka lake huko tu hakuwa na duka siku hiyo. Sisi tuliamua tovuti iwe na kitufe cha WhatsApp, na chini yake namba ya simu ya kawaida. Mmoja akilala mwingine yuko macho. Majina ya wateja na namba zao tunayaandika pia katika daftari la karatasi.

Mwishowe tulichagua nini? Tulipiga kura. WordPress ilipata kura 14. Wix ilipata kura 9, na waliyoipigia Wix walikuwa na sababu yao: waliogopa kazi ya kusasisha. Tukakubaliana kwamba tovuti ipangishwe kwa kampuni ya hapa nchini, ambayo kwa malipo kidogo zaidi inasasisha programu na kuweka nakala. Nakala ya kwetu tunaitoa wenyewe kila mwisho wa mwezi na kuitia katika kifaa kidogo cha kuhifadhia, kinachokaa katika sanduku la fedha. Tovuti ina kurasa tatu tu: vikapu, sisi ni nani, na jinsi ya kuagiza. Anwani ni ya kikundi. Tarehe ya kuilipia imeandikwa kwa wino mwekundu katika daftari la mweka hazina na kwenye kalenda ya ukutani, wiki tatu kabla ya mwisho wake.

Limebaki jambo moja. Wanunuzi wa nje wanataka kulipa kwa kadi papo hapo kwenye ukurasa. Kampuni za kupokea malipo hayo hukata sehemu ya kila malipo, na nyingine hazipokei kikundi kisicho na akaunti ya benki ya biashara. Kwa sasa mnunuzi wa nje anatuandikia, tunampa namba ya akaunti ya benki, analipa, ndipo tunasuka. Mwenyekiti anaona hiyo inatosha. Mweka hazina anasema tunawapoteza wasio na subira. Tutalizungumza Jumamosi, baada ya kugawana milulu.